Kona Ambayo Bibi Ndeshi Hajawahi Kuikanyaga

Mwezi uliopita nilistaafu. Nina miaka thelathini na moja, mtoto wangu wa pili bado ananyonya, na kabatini nina cheti kinachosema nimeitumikia ofisi ya ramani kwa uaminifu hadi kustaafu kwangu. Kulikuwa na keki. Jina langu liliandikwa juu yake kwa krimu ya bluu, na lilikosewa. Walionipigia makofi ni walewale ambao wiki mbili kabla walikuwa wakiniona kwenye ngazi wanakumbuka ghafla kwamba wamesahau kitu chini.

Naambiwa wastaafu huwaandikia vijana wanaobaki kazini. Sawa. Mimi ni mstaafu, nyie ni vijana, ingawa wawili kati yenu mnanizidi umri. Vyeo sitavitaja kwa sababu sikuwahi kupewa. Mshahara nao tuuache upumzike, ulikuwa mdogo na ulichoka mapema. Nitawaandikia kuhusu boksi. Boksi ndilo lililonistaafisha, na nyie mnalituma kila siku mkidhani mnatuma shamba.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na tatu, na cheti cha kidato cha nne, na tumbo la Nasri la miezi minne nililolificha chini ya baibui. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukiwa unachora mpaka kwenye kompyuta, chini wanakata nondo, mkono unaruka, mkulima anapoteza migomba mitatu. Kazi yenyewe ilikuwa kupima mashamba ya kahawa ya wakulima wadogo na kuyaingiza kwenye seva, ili wanunuzi wa ng'ambo waone kahawa ilikotoka na wajiridhishe kwamba haikupandwa ndani ya msitu wa hifadhi. Nilikabidhiwa GPS iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli isifunguke tumbo, na buti za mtu aliyeacha kazi, namba mbili zaidi ya mguu wangu. Mafunzo yalikuwa haya: "Nenda Machame, zunguka shamba, rudi."

Mimi ni mtoto wa mjini, wa mtaa wa Pasua. Baba alikuwa fundi cherehani. Migomba nilikuwa nakutana nayo sokoni, ikiwa imeshakuwa mkungu. Kule juu nikakuta mteremko unaokutaka utembee kwa magoti, mifereji ya maji ya kila ukoo, na masale, yale majani marefu wanayopanda kuwa mpaka. Unayafuata masale, GPS inarekodi kona. Mara yangu ya kwanza niliyafuata nikaishia ndani ya zizi. Ng'ombe alininusa tumbo, mwenye nyumba akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniletea mtori, ule mchuzi wa ndizi wanaopewa wazazi, maana ng'ombe alikuwa ameshagundua siri yangu kabla ya ofisi.

Aliyenifundisha kazi ni Dada Aika, mtunza seva. Seva yetu ilikuwa kompyuta moja nene iliyokaa juu ya kreti la soda, kwa sababu bomba la choo cha ghorofani lilikuwa na tabia zake. Aika alikuwa na chupa ya chai ya maziwa na hasira fupi. Nilimpenda siku hiyohiyo.

Wiki ya pili aliniita.

"Mama mtarajiwa, njoo uwaone wakulima wako."

Nikaangalia kioo cha kompyuta. "Hapa ni wapi?"

"Hispania."

"Mbona kuna mlima?"

"Mlima upo, na theluji ipo. Kahawa tu ndiyo haipo. Warudishe watu wa watu nyumbani."

Nilikuwa nimebadilisha namba. Kila mahali duniani pana namba mbili, moja ya kaskazini na kusini, moja ya mashariki na magharibi. Machame ni hasi tatu na thelathini na saba. Ukizigeuza, kijiji kizima kinahamia Hispania bila hati ya kusafiria. Tangu siku hiyo nazisoma kwa sauti kabla ya kubonyeza, na nyie zisomeni, hata kama jirani wa meza atadhani mnaswali.

Somo la pili lilikuwa boksi lenyewe, na hapa naomba mtulie.

Ukiiuliza seva ikupe mashamba ya kijiji fulani, kwa kila shamba inakuandikia kwanza namba nne: mwisho wake wa magharibi, wa kusini, wa mashariki na wa kaskazini. Hizo namba nne ni boksi, yaani pembe nne zilizonyooka zinazolizunguka shamba lote. Ndipo linafuata umbo lenyewe, kona kwa kona, kama mtu alivyolitembea na buti zake kubwa. Na juu kabisa ya jibu seva inaweza kuweka boksi jingine moja la mashamba yote kwa pamoja, ramani ijue ifungukie wapi. Kuna asubuhi ramani ilifunguka ikatuonyesha nusu ya Afrika. Rekodi moja haikuwa na namba, programu ikaijazia sifuri na sifuri, ambayo ni katikati ya bahari kule upande wa Ghana. Mkulima mmoja yuko majini, basi boksi la wote likavutwa kutoka Kilimanjaro hadi likamfikia. Nililaumiwa mimi. Aliyeandika programu inayogeuza "sijui" kuwa "sifuri" alikuwa amesafiri.

Siku hiyo Aika alichukua ufagio wa mpini mrefu akaulaza mshazari sakafuni, toka kona ya mlango hadi kona ya dirisha.

"Lizungushie boksi. Usiligeuze. Boksi halijui kugeuka, linasimama kufuata kuta."

Nikatembea kando ya kuta nne.

"Ufagio umechukua chumba kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Na boksi?"

"Chumba chote. Na meza ya Meneja."

"Basi siku mtu akikuambia meza ya Meneja ni ufagio, muulize ameangalia nini."

Boksi lipo kwa ajili ya haraka. Seva ikiulizwa ni mashamba gani yanagusa msitu, haianzi kukagua kona elfu moja moja. Inapitisha maboksi kwanza. Boksi lisipogusa msitu, shamba haliwezi kugusa, tupa, endelea. Boksi likigusa, hapo ndipo unafungua umbo uangalie kwa macho. Kwa maneno mengine boksi linaweza kumtoa mtu hatiani, lakini haliwezi kumtia. Aika aliniandikisha hilo kwenye daftari. Nilikuwa na kidato cha nne, na nilielewa kwa dakika kumi. Kuna watu wana shahada mbili na bado tunawasubiri.

Miaka ikaenda. Nilipima Machame nikaimaliza, nikapelekwa kwingine, nikaacha buti zile na kununua zangu. Nasri akaanza shule. Meneja akabadilika mara mbili, na huyu wa tatu akaja na neno "wepesi". Kila kitu kiwe chepesi. Mfumo wa wanunuzi ulikuwa unalalamika kwamba majibu yetu ni mazito, yanachelewa kufika. Meneja akamwambia Aika azime maumbo kwenye majibu yanayotoka nje, yabaki maboksi.

"Watapima nini?" Aika akauliza.

"Eneo. Boksi si eneo?"

"Ni eneo la boksi."

"Haya, zima."

Haya nayajua kwa kusimuliwa, kwa sababu mimi nilikuwa likizo ya uzazi nikimleta Rahma duniani. Niliporudi nikakuta orodha mezani, majina mengi, juu yake imeandikwa "Waliokatwa: mashamba ndani ya msitu." Nikafikiri, kumbe nilipokuwa najifungua, wakulima wangu wa Machame walikuwa wanahama.

Siku ya tatu akapanda ngazi Bibi Ndeshi. Ni mjane, mzee wa kanisa, kihamba chake, yaani migomba na kahawa inayozunguka nyumba yake, nilikipima mwaka wangu wa kwanza. Alikuja na fimbo, kitenge cha Jumapili, na barua ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuja na kile kisimu chenye kamba ya baiskeli."

"Ndiyo, bibi."

"Sasa nionyeshe msitu wangu."

"Bibi?"

"Barua inasema nina shamba msituni. Nina miaka sabini na kitu, goti moja halikunjiki. Nionyeshe ni wapi, nikapasue na mbao."

Alikuwa anatania, ila barua aliniwekea mkononi niisome. Barua ilisema kahawa yake haitapokelewa kwenye chama cha ushirika msimu huu, na upokeaji ulikuwa unaanza baada ya wiki tatu. Kahawa ndiyo iliyokuwa imebaki mikononi mwake. Na kule kijijini, akanieleza, wameshaanza kumuita mama msitu. Mtu aliyewakemea vijana miaka yote wasikate miti, sasa anaulizwa kanisani kama ana mkaa.

Nikafungua umbo lake. Lilikuwa na vipande viwili. Kipande cha juu ni kihamba, migomba na kahawa, magharibi ya korongo. Kipande cha chini ni shamba la mahindi tambarare, kusini mashariki, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa mguu. Vyote viwili kwenye rekodi moja. Sasa fikirieni ule ufagio. Boksi la rekodi hiyo lilianza kihambani likashuka mpaka tambarare, na kona yake ya kaskazini mashariki ikaangukia ng'ambo ya korongo, mahali ambapo ulimi wa msitu unateremka na mto. Bibi hajawahi kuikanyaga kona ile. Hata mbuzi wake hajawahi.

Lakini kwa nini vipande viwili viwe rekodi moja? Nikachimbua fomu ya zamani kabatini. Ilikuwa na mwandiko wangu. "Idadi ya mashamba: 1."

"Bibi, una mashamba mangapi?"

"Moja."

"Liko wapi?"

"Chini, porini. La mahindi na maharage."

"Na kahawa?"

"Kahawa iko kihambani."

"Kwani kihamba si shamba?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kama mama yake ni mpangaji. "Kihamba ni nyumbani. Mume wangu amelala pale, na baba yake. Nyie kule Pasua sebule mnaiita shamba?"

Nilitamani kreti la soda linimeze. Fomu iliuliza mashamba, bibi akajibu ukweli mtupu, moja. GPS yangu ilikuwa na vipande viwili. Programu ikagoma, ikasema idadi hazilingani, ikanipa kitufe cha "unganisha". Nikaunganisha, nikaenda nyumbani mapema, nikajisifu. Na si kwa bibi peke yake. Kila mwenye kihamba juu na shamba chini alijibu vivyo hivyo, kwa sababu wote wanazungumza Kiswahili kimoja, na fomu iliandikwa na mtu wa Kiswahili kingine. Kosa lilikuwa langu. Lilikaa miaka bila kumuumiza mtu, kwa sababu umbo lilikuwa linakwenda pamoja na boksi. Meneja alipozima maumbo, kosa likaota meno.

Nikaenda ofisini kwake, Rahma akiwa kifuani ananyonya.

"Rahisi," Meneja akasema. "Futa kile kipande cha chini. Boksi litanywea, bibi atapita."

"Na ndugu za marehemu mumewe wakija kulidai lile la chini, ramani itasema nini?"

"Hilo si swali la ramani."

"Ndilo swali pekee wanalokuja nalo hapa. Tutenganishe. Rekodi mbili, maboksi mawili madogo. Wote walioungana tuwatenganishe, na maumbo yawashwe."

"Halafu wateja niwaambie nini? Kwamba miaka yote hii..."

"Kwamba tulikosea. Mimi nilikosea, wewe ukazima taa."

"Mama Nasri, ofisi haikosei. Ofisi inaboresha."

"Basi boresha, wiki tatu zinaisha."

Akatabasamu kwa huruma. "Umetoka uzazi juzi tu. Hali hiyo huwa inamchanganya mama. Nenda kapumzike kidogo."

Rahma alikuwa hajamaliza kunyonya na sikuweza kusimama. Ndiyo sababu Meneja bado ana miwani yake.

Nilitoka nikakaa na Aika. Kuwasha maumbo, akasema, ni mstari mmoja kwenye mipangilio, na uzito anaweza kuupunguza kwa kufunga majibu vizuri, alishamwambia Meneja, Meneja alikuwa anasoma simu. Kutenganisha ndiyo ilikuwa kazi. Huwezi kukata rekodi ya mtu kwa kudhani. Kwa hiyo kwa siku kumi na tatu nilipiga simu. Nilijifunza swali jipya na naomba mlikariri: "Ukiacha kihamba, una shamba jingine?" Wote walijibu bila kufikiri. Mzee mmoja alinijibu, "Ninalo, na nashangaa hukuniuliza hivyo mwanzoni. Nilidhani wa mjini mnaona aibu kutaja nyumbani kwa mtu." Kila rekodi niliyoitenganisha niliandika sababu, na jina langu chini yake, ili mtu akitafuta wa kumlaumu asihangaike. Aika aliwasha maumbo Ijumaa asubuhi. Jibu likaenda kwa wanunuzi likiwa na maboksi madogo, na kila boksi lina umbo lake ndani.

Jumatatu nikaitwa. Meneja alikuwa na barua mbili mezani, amezipanga sambamba kama vijiko. Ya kwanza ilisema nimevuruga data bila idhini, kwa hiyo naondolewa na mabadiliko yangu yote yanarudishwa nyuma. Ya pili ilisema ninastaafu kwa hiari, na mabadiliko yanabaki kama maboresho ya ofisi.

"Chagua," akasema.

Nilisaini ya pili kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Aika hakuguswa. Yeye peke yake ndiye anayejua nywila ya seva, na siku hiyo nilielewa kwamba kati ya vitu vyote alivyonifundisha, namna ya kuwa mtu asiyefukuzika ndiyo aliyoisahau.

Kwa hiyo keki. Meneja aliishukuru "timu nzima kwa maboresho", nyie mkapiga makofi, na mimi nikala kipande chenye nusu ya jina langu lililokosewa. Nilichokuwa sijui, na kilichoninyima usingizi kuliko Rahma, ni kama barua ile ilikuwa ya kweli. Mtu anayeweza kusema ofisi haikosei anaweza pia kurudisha data nyuma kimyakimya nikishashuka ngazi.

Siku ya kwanza ya upokeaji nikapanda Machame, Rahma mgongoni. Sikuwa na kitambulisho, wala kazi, wala sababu ya kuwa pale. Bibi Ndeshi alikuwa kwenye foleni mbele ya chama, gunia lake la kahawa ya maganda miguuni, kitenge kile kile cha Jumapili. Nyuma yake watu wananong'ona, na yeye ameinua kidevu.

Karani alikuwa kijana mwenye kishikwambi. "Jina, bibi?"

"Unalijua. Baba yako nilimfundisha Shule ya Jumapili."

"Najua bibi, mfumo unataka ulitaje."

Akalitaja. Karani akabonyeza, akasubiri. Mtandao wa kule juu mnaujua. Nilihesabu pumzi za Rahma shingoni kwangu. Kisha kioo kikawa kijani.

"Umepita," karani akasema, kwa sauti ya kutosha kufika mwisho wa foleni, Mungu ambariki. "Hakuna msitu. Thibitisha tu: una mashamba mawili."

"Moja," akasema bibi.

"Hapa ni mawili."

"Nina moja, kijana. Liko porini."

"Bibi, ukisema moja, inakataa."

"Ikatae. Mimi ni mzee wa kanisa, sitasema uongo nikiwa nimeshika gunia."

Siku kumi na tatu za simu, kazi yangu, na kila kitu, vyote vinakwenda kwa neno moja la mama mmoja mkweli. Nikapenya hadi mbele.

"Bibi, tafadhali, sema mawili."

"Wewe? Nilikueleza ukaelewa. Sasa umekuja kunifundisha uongo?"

"Sema bibi, jua linatuchoma!" mtu akapiga kelele nyuma, na foleni ikacheka.

"Bibi," nikasema, "achana na mashamba. Unalima sehemu ngapi?"

Akafikiri, kwa uaminifu kabisa, kama anaulizwa mbele ya madhabahu. "Sehemu mbili."

"Karani, umesikia?"

"Nimesikia mbili," karani akasema, akabonyeza haraka kabla bibi hajabadili mawazo.

Mashine ikatoa stakabadhi. Bibi akaisogeza mbali na macho, akaisoma, akairudisha juu ya meza.

"Andika hapo kwamba la juu ni nyumbani."

"Bibi, mfumo hauna nafasi ya kuandika hivyo."

"Wewe una kalamu."

Karani akaniangalia mimi, nikaangalia mlima. Akageuza stakabadhi, akaandika nyuma kwa herufi kubwa: LA JUU NI NYUMBANI. Bibi akaisoma mara mbili, akaikunja, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, kisha akaniambia nishike upande wa pili wa gunia, mzani unasubiri.